Fundi Anajibu: Nijaze tangi au nilikaushe?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina gari la turbo ambalo kompyuta yake imepangwa litumie petroli ya oktani 98, ile isiyowaka ovyo kabla ya wakati. Barabara zikianza kumwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu nitaliegesha kwa miezi 5. Rafiki mmoja ananishauri nikaushe tangi kabisa, mwingine anasema nijaze. Nina pia dumu la chuma la lita 20 lenye petroli ya mashindano, limefika nusu. Je, niwe naliwasha gari kila wiki?

JIBU: Marahaba. Jaza tangi, tena kwa petroli mpya.

Tangi tupu limejaa hewa, na hewa hiyo ikipoa huacha umande kwenye kuta. Tangi la bati litashika kutu, na sili za mpira zilizozoea kulowa petroli zitakauka. Gari langu la kwanza la turbo nililiacha na robo tangi ya petroli ya E10, yaani yenye ethanoli (aina ya pombe) hadi asilimia 10. Nilipofungua kifuniko miezi 6 baadaye, harufu ilikuwa ya vanishi. Nozeli 2 za kunyunyizia petroli zilikuwa zimenata kwa utomvu, na injini iligonga, yaani petroli iliwaka ovyo, nilipokanyaga mafuta. Nililiumia sana gari lile, ndiyo maana nakusihi usikawie.

Petroli huharibika kwa njia mbili. Sehemu zake nyepesi, zile zinazosaidia injini kuwaka ikiwa baridi, huvukizwa. Zinazobaki hukutana na oksijeni na kugeuka utomvu. Ethanoli nayo huvuta maji. E10 hubeba maji kiasi cha nusu asilimia tu, na baridi hupunguza uwezo huo. Yakizidi, ethanoli huachana na petroli na kutuama chini pamoja na maji, palepale pampu inapofyonza. Petroli iliyobaki juu imepoteza oktani, na injini yako iliyopangiwa 98 haina nafasi ya kupoteza hata kidogo.

Kwa hiyo tafuta petroli ya 98 yenye ethanoli kidogo au isiyo nayo kabisa. Tia kwanza dawa ya kuhifadhi petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha jaza mpaka bomba la kituo lijifunge lenyewe. Usilazimishe zaidi, kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto. Endesha dakika 15 hivi ili dawa ifike kwenye nozeli. Dawa hii huchelewesha uharibifu tu. Petroli iliyokwisha kuoza haiiponyi.

Kuwasha kila wiki acha. Injini inayonguruma dakika 5 haipati joto la kutosha, kwa hiyo maji na petroli hubaki kwenye oili na sailensa hujaa unyevu. Badilisha oili kabla ya kuegesha, basi, uliache lipumzike.

Lile dumu, itumie petroli yake kabla ya baridi, mradi kompyuta ya gari imepangiwa aina hiyo. Soma lebo: ikiwa ina madini ya risasi, isiingie kwenye gari hili, kwani itaua sensa ya oksijeni na kichujio cha moshi. Ukilazimika kuiweka, ihamishie kwenye dumu dogo la chuma la petroli lijae karibu lote, ulifunge barabara. Usiliweke chumba kimoja na hita ya moto: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ulipo mwali.