Cheti cha VETA na kazi ya krasha Mbeya
Mdogo wangu, cheti cha VETA cha ufundi mitambo kinatosha kuingilia kazi ya krasha, ile mashine ya kuvunja mawe kuwa kokoto. Omba ufundi msaidizi kwenye machimbo ya kokoto, kama yale ya TAZARA Kongolo. Utaanza na grisi, rola na chekeche. Mkanda ukikimbilia upande mmoja, safisha tope kwenye rola kabla hujakaza chochote. Ila fundi anapimwa kwenye taya zinazovunja mawe: meno yakilika chini, yageuze juu chini mapema, la sivyo kokoto ya milimita 20 itatoka mawe. Bamba la togo, linaloshikilia taya kwa nyuma, likivunjika usilichomelee, weka jipya. Limetengenezwa livunjike lenyewe chuma kikiingia. Ukiliimarisha, kitakachokatika ni shafti, na hapo uzalishaji umelala. Umeneja? Diploma ya MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), pamoja na kujua kutunza rekodi za saa za mashine.