Wanangu wananiita mzee wa zamani

"Dada, mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 68, naishi Makambako. Naona serikali inakopa tu na wajukuu ndio watakaolipa. Enzi zetu tulijitegemea, hatukukopa. Vijana wa leo hawataki jembe, wanataka siasa za kelele. Krismasi nilisema hayo mezani, mwanangu wa pili akanijibu kwamba kizazi chetu ndicho kilichokula nchi. Aliacha sahani ya wali, akapanda basi kurudi Mbeya. Ana stashahada ya kilimo ila mwaka wa nne huu anaendesha bodaboda Uyole. Hatujaongea tangu siku ile. Nimekosea wapi? Nina pia shamba la eka sita kijijini, halina karatasi yoyote."

Shikamoo kaka. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ile sahani ya wali.

Sitaki ubadili msimamo. Kuogopa deni watakaloachiwa wajukuu ni kuwapenda. Lakini hilo la kwamba hamkukopa, mwanao angekushinda asubuhi na mapema. Reli ya TAZARA inayopita hapo Makambako, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Mwalimu Nyerere alikopa, na alichokopea unakisikia kikipiga honi. Wewe uliza mkopo wa leo unajenga nini na masharti yake ni yapi. Ukiuliza hivyo, kijana naye atavuta kiti asogee.

Halafu foleni umeziacha wapi, kaka? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mtoto Iringa. Nilitumwa alfajiri, kwenye baridi ile, kuweka jiwe kwenye mstari wa sukari ili tusipoteze nafasi. Sabuni ya mche mama aliikata kwa uzi, kipande cha wiki nzima. Wasimulie na hayo. Ukiwasifia nidhamu ya zamani peke yake, wanahisi kuna kitu unawaficha.

Na ubishi wao usikutishe. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza habari ya vyama vingi, na takriban wanane katika kila kumi walitaka tubaki na chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na 1992 sheria ikabadilishwa. Wachache walisikilizwa, na nchi haikuvunjika. Pale mezani kwako, kaka, sidhani kama yupo aliyesikilizwa.

Neno "mlikula nchi" ni zito mno kwa mwalimu wa shule ya msingi. Una haki ya kuumia, na kijana anapaswa kukuomba radhi. Ila habari ya stashahada yake umeiandika kwa mstari mmoja, kana kwamba ni jambo dogo. Kwangu hiyo ndiyo barua yenyewe. Mtoto amesomea kilimo, miaka minne anapigwa vumbi barabarani, halafu mbele ya ndugu zake baba anasema vijana hawataki jembe. Alitarajiwa ajibu nini?

Mwisho wa barua umegusia lile shamba la eka sita lisilo na karatasi. Hapo ndipo pa kuanzia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakuruhusu kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na maombi yanaanzia serikali ya kijiji. Shughulikia ukiwa mzima, na majina ya watakaorithi yaandike mwenyewe, mabinti wakiwemo.

Najua mila zetu, mtoto ndiye anayemwendea mzazi. Safari hii nenda wewe. Panda basi la asubuhi, mbebee debe la viazi vya shamba hilohilo, ule anachokula. Habari za serikali ziache nyumbani. Mwulize kama udongo ule unafaa parachichi. Yeye ndiye aliyeusomea.