Metali ya risasi (Pb) kwenye pweza wa Mikindani inapotelea wapi?

Ndugu, unasema tanuri la grafaiti, yaani kifaa kinachochoma sampuli ndani ya bomba dogo na kupima atomu zake kwa mwanga, linasoma risasi ndogo kwenye pweza wa Mikindani, ilhali miyeyusho yako ya viwango, yenye risasi ya kiasi kinachojulikana, inasomeka sawa. Mchawi ni chumvi ya bahari: kloraidi huungana na risasi, ikapaa na moshi kabla ya kupimwa. Kwenye mikrolita 20 za sampuli ongeza mikrolita 5 zenye miligramu 0.05 za amoniamu dihaidrojeni fosfeti na 0.003 za magnesiamu naitreti, ndipo risasi ivumilie kuunguzwa kwa nyuzi za Selsiasi 850, hatua ya kuondoa uchafu kabla ya kupima. Kabla ya kuunguza, kausha taratibu, nyuzi 110 kisha 130. Ikichemka kwa kurukaruka hutapakaa bombani, na vipimo havirudiani hata kidogo! Baada ya kuunguza, ruka moja kwa moja hadi nyuzi 1600 za kupimia, gesi ya agoni ipitayo ndani ya bomba ukiwa umeisimamisha, ili atomu zisipeperushwe. Kwenye mchoro wa kipimo, soma eneo la kilele, si urefu wake.