Oksijeni ya wodini na oksijeni ya karakana

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu oksijeni. Baadhi zimetoka zahanati, nyingine karakana na viwandani. Tumeziweka pamoja kwa sababu gesi ni ileile, ila mashine inayoitoa na njia inayopita mpaka ifike puani au kwenye chuma ni tofauti sana.

*Tuna mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika. Ilikaa stoo miezi mitano. Tangu tuitoe, inafanya kazi kama nusu saa, kisha taa ya njano inawaka na kengele inalia, ingawa kompresa inanguruma vizuri na mpira unatoa upepo. Tuanzie wapi? — Muuguzi, Kigoma*

Dada muuguzi, upepo kutoka si ushahidi kwamba oksijeni ipo. Mashine hiyo haitengenezi oksijeni, inaichuja tu. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21 na agoni karibu 1, inaigandamiza na kuisukuma kwenye mitungi miwili midogo iliyojaa punje za zeolaiti. Punje zinanasa naitrojeni, oksijeni inapita. Mtungi wa kwanza ukishiba, vali inageuza njia: wa pili unaanza kazi na wa kwanza unatema kile ulichonasa. Ule mlio wa "pshii" unaousikia kila baada ya sekunde chache ndio huo. Mashine ikiwa nzima, hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi. Agoni hupita pamoja na oksijeni, ndiyo maana haiwezi kufika 100. Usafi ukishuka chini ya asilimia 82, mashine nyingi hupiga kengele. Isikilizeni, msiizime.

Anzeni na yasiyohitaji spana. Tazameni kigololi kwenye mita ya mtiririko: kisomwe katikati yake, na kisizidi mstari wa 5. Mkivuta zaidi ya uwezo wa mashine, hewa hupita haraka kabla punje hazijanasa naitrojeni yote. Kisha toeni sponji ya nyuma, ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kabisa ndipo irudishwe. Sponji mbichi ni mbaya kuliko chafu, maana unyevu ndio adui mkubwa wa zeolaiti. Kazi hiyo ni ya kila wiki, na penye vumbi ni zaidi ya hapo. Sogezeni mashine angalau sentimita 30 kutoka ukutani na mbali na pazia. Mwisho pimeni umeme ukutani wakati mashine inafanya kazi. Umeme ukishuka, kompresa inanguruma lakini haifikishi presha, na mitungi ya zeolaiti haichuji bila presha.

Kama yote hayo ni sawa na kengele bado inalia, tunashuku punje zimekunywa unyevu huko stoo. Mashine iliyolazwa miezi mingi huvuta unyevu polepole, hasa karibu na ziwa au pwani. Hapo aitwe fundi sanifu wa vifaa tiba aje na kipima usafi wa oksijeni, na ikibidi abadilishe mitungi ya zeolaiti. Msiifungue wenyewe. Mpaka hapo mgonjwa awekwe kwenye mtungi wa oksijeni. Mashine ya akiba nayo isiachwe kulala: iwasheni mara kwa mara kwa muda ambao kitabu chake kinaelekeza.

Kuna hitilafu moja ambayo kengele haiijui kabisa, nayo ni uvujaji baada ya mita. Kifuniko cha chupa ya maji, ile inayotia oksijeni unyevu kabla ya kufika puani, kikikaa upande, oksijeni safi inaishia hewani na mgonjwa anabaki na mabaki. Minyeni mpira karibu na mgonjwa kwa sekunde chache: kigololi kinapaswa kushuka hadi sifuri. Kikibaki juu, kuna mahali panavuja. Maji ya chupa hiyo yawe yaliyokenekwa (distilled), au yaliyochemshwa na kupozwa, na yabadilishwe kila siku.

*Nina mtungi wa oksijeni wa kukatia vyuma. Baba mkwe ana shida ya mapafu na daktari amemwandikia oksijeni ya nyumbani. Gesi si moja? Na mashine ile ya hospitali, naweza kukatia chuma? — Fundi wa kuchomelea, Mombasa*

Gesi ni moja, fundi, lakini usimpe. Oksijeni ya mtungi wako hupatikana kwa kupoza hewa mpaka iwe kimiminika kisha kuitenganisha: naitrojeni huchemka kwenye nyuzi −196, oksijeni kwenye −183. Usafi wake hufika asilimia 99.5, yaani unazidi wa mashine ya wodini. Hatari iko kwenye mtungi wenyewe na mahali ulikopita. Asetilini, ile gesi ya kuwashia moto wa kukatia, huweza kurudi nyuma kupitia mipira, mtungi ukiachwa wazi hadi uishe huvuta unyevu na kushika kutu ndani, na hakuna aliyepima kilichomo kwa ajili ya mapafu ya mtu. Mtungi wa hospitali huwa na kumbukumbu za ukaguzi na upimaji wa kila mjazo. Isitoshe, rejuleta yako, yaani kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, inapima presha ya kukatia. Mgonjwa anapimiwa lita kwa dakika, pengine 1 au 2 tu. Usiamini rangi ya mtungi pia, kwani nchi na nchi hutofautiana. Soma lebo.

Upande wa pili, mashine ya wodini haitakukatia chuma. Kukata kwa gesi ni kuunguza chuma: unakipasha mpaka kinapokolea wekundu, kisha mkondo mkali wa oksijeni unakichoma na kupuliza takataka chini. Usafi ukipungua asilimia 1 tu kutoka 99.5, kasi ya kukata hupungua kwa karibu robo. Chini ya 95 hukati tena, unayeyusha na kuacha makamasi ya chuma kwenye ukingo.

Viwanda vikubwa vya chuma vina mitambo yao ya kutenganisha hewa, kwa sababu matanuri yao hula oksijeni nyingi mno. Mwaka 2021, wagonjwa wa korona walipozidi India, viwanda kama vya Tata Steel na SAIL vilipeleka oksijeni ya kimiminika hospitalini. Lita moja ya kimiminika hicho hutoa lita 860 hivi za gesi. Malori ya naitrojeni na agoni yalisafishwa na kugeuzwa ndipo yakaibeba. Hata wakati wa dharura kama ule, hatua ya kusafisha haikurukwa.

*Mtungi wa nyumbani utadumu muda gani? — Msomaji, Tabora*

Zidisha ujazo wa mtungi kwa presha ya geji. Mtungi wa lita 10 wenye presha ya baa 150 una lita 1,500 za gesi. Kwa lita 2 kwa dakika, utadumu dakika 750, yaani saa 12 na nusu. Geji ikisoma baa 50, zimebaki saa 4 na dakika 10. Agiza mwingine kabla ya hapo. Vali ifunguliwe polepole, maana gesi ikiingia ghafla kwenye rejuleta hupata joto kali. Usipake grisi wala mafuta kwenye vali hata ikikaza, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni ya presha huwaka yenyewe. Mgonjwa mwenye pua kavu asipakwe Vaseline, atafutiwe jeli iliyotengenezwa kwa maji, isiyo na mafuta, kutoka duka la dawa.

*Nafanya kazi kwenye tanuru la kuyeyusha chuma chakavu. Mwenzetu aliumwa kichwa na kutapika, kipima oksijeni cha kidole kikasoma 98. Msimamizi akasema ni mzima. Ni sawa? — Mfanyakazi, Nairobi*

Si sawa, na tunaomba barua hii isomwe na wasimamizi. Kipima kile humulika kidole kwa mwanga mwekundu na mwanga usioonekana, kisha kinakisia kutokana na rangi ya damu. Damu iliyobeba kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, inaonekana kwake kama iliyoshiba oksijeni. Mtu anaweza kukosa hewa mwilini huku namba ikisoma 98. Jambo hilohilo hutokea kwa aliyelala na jiko la mkaa ndani.

Mtoeni nje kwanza, na anayeingia kumtoa asiingie peke yake wala bila kifaa cha kupumulia. Hospitalini waambieni wazi kuwa alikuwa kwenye moshi wa tanuru, ili wapime damu yenyewe badala ya kidole. Atahitaji barakoa yenye mfuko na oksijeni ya lita 10 hadi 15 kwa dakika, ambayo mashine ya lita 5 haiwezi kuitoa. Akiwa kwenye hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 5. Akipewa oksijeni kamili, kwa saa moja na nusu hivi. Kazini wekeni kengele ya kaboni monoksaidi kwenye usawa wa pua za wanaofanya kazi karibu na tanuru, na ijaribiwe kwa kitufe chake kila wiki.