Maswali yenu, majibu yangu: "Eti hela yote hiyo kwenda kuangalia wasichana?"

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, mistari miwili, kwamba nilienda kuangalia mechi ya kikapu ya wasichana wa chuo kikuu cha Iowa hapa Marekani. Basi jamani simu yangu haijapumzika. Maswali ya mapenzi na mawifi naomba yasubiri mwezi ujao, leo ni mpira tu.

SWALI: Shikamoo dada. Sisi tunaishi Coralville, tumetokea Uvira, huu ni mwaka wa sita. Binti yangu ana miaka 11, asubuhi kikapu jioni kikapu, anataka nimpeleke uwanja wa Carver awaone wale wasichana wa Iowa. Baba yake anasema hatoi pesa yake kwenda kuangalia watoto wa kike wanakimbizana, kama ni mpira upo kwenye televisheni. Mimi mwenyewe sheria hata moja siijui, naogopa kwenda kukaa pale kama gunia. Na je, ndani kuna watu kama sisi? – *Mama wa Watatu*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya kukaa kama gunia usiiogope, mi nimekaa hivyo hivyo na hakuna aliyenifukuza.

Ngoja nikwambie ilivyokuwa. Tarehe 2 Februari 2025, Jumapili, Iowa wanacheza na USC ya Los Angeles, wakati huo USC ni wa nne nchi nzima na wana yule binti JuJu Watkins, na siku hiyohiyo jezi namba 22 ya Caitlin Clark, nyota wao wa zamani, inastaafishwa, yaani hakuna atakayeivaa tena Iowa. Tiketi hakuna. Viti karibu 15,000 vyote vimekwisha zamani. Sasa mwenzangu wa kazini alikuwa na tiketi mbili, yake na ya mama yake, akashikwa na mafua ya kulala kitandani, akanipigia asubuhi kuniomba nimsindikize bibi kwa sababu bibi ana goti bovu na ngazi za Carver si mchezo. Kwa hiyo wengine walinunua tiketi kwa mamia ya dola, mi nimeingia kama mkongojo.

Na ngazi kweli si mchezo. Ule uwanja umechimbiwa kwenye bonde la kilima, unaingilia kwa juu kabisa usawa wa barabara halafu ukichungulia chini unaona sakafu ya mbao inang'aa kule mbali kama maji ya kisima. Unashuka tu. Bibi wa miaka sabini na kitu ananishika mkono, lakini kila hatua tano anasimama kusalimiana na mtu, wanajuana wote, wazee wa nywele nyeupe wamevaa njano na nyeusi kama nyigu, wengine wamekaa kiti hichohicho miaka na miaka. Mi nilidhani nitakuta wanafunzi wanapiga kelele. Wanafunzi wapo, lakini wenye uwanja ni wale wabibi.

Tulivyokaa bibi akakunja koti lake akalikalia. Mi langu nikalipakata, mechi nzima nikawa nimebeba mtoto wa sufi mapajani na joto lile la watu, nikalowa jasho wakati nje barafu. Hilo la koti likumbuke.

Robo ya kwanza bibi hakusema kitu. Halafu msichana mmoja wa Iowa akawa anadundadunda mpira anatafuta njia, bibi akaniambia taratibu: sisi tuliruhusiwa kudunda mara mbili tu. Nikadhani ananitania. Kumbe Iowa shule za sekondari wasichana walikuwa na kikapu chao cha watu sita kila upande, watatu washambuliaji wako nusu hii ya uwanja, watatu walinzi wako nusu ile, kuvuka mstari wa kati marufuku, kufunga ni kazi ya wale washambuliaji tu. Wale tuliocheza netiboli shuleni tunaelewa mara moja, ule mtindo wa GS, yaani mfungaji, hatoki kwenye eneo lake ukitoka unapulizwa filimbi. Na walikuwa wanajaza! Mashindano ya jimbo zima yalianza mwaka 1920, na kikapu hicho cha sita sita kimekufa 1993 tu, juzijuzi hapo. Mwaka 1968 msichana anaitwa Denise Long alifunga pointi 111 kwenye mechi moja ya mashindano hayo. Mia moja na kumi na moja peke yake, mwenzangu. Hata huyo kocha wa Iowa wa sasa Jan Jensen ametoka humohumo, mwaka wake wa mwisho sekondari, 1987, alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 60 kwa mechi.

Kwa hiyo baba wa watoto akikwambia eti haya mambo ya wasichana yameletwa na televisheni juzi, mwambie huku vijijini Iowa mabibi wa hawa wabibi walikuwa wanajaza ukumbi.

Sasa kuhusu televisheni. Televisheni haikuonyeshi kimya. Mgeni akienda kupiga mitupo huru, ile ya bure baada ya fauli, uwanja mzima unapiga kelele za kumchanganya, wanapunga mikono, hata yule bibi wangu na goti lake alikuwa anapuliza kama nyoka. Lakini akienda wa nyumbani, watu 15,000 wananyamaza kimya, unasikia mpira unadunda mara moja, mara mbili, mara tatu, unasikia hadi mtu anakohoa upande wa pili. Na hapo ndipo mimi, na vumbi la popcorn puani, nikapiga chafya. Ile chafya yetu ya Tanga, ya kuamsha jirani. Safu tatu za mbele ziligeuka. Mpira ukaingia, Mungu mkubwa, ungekosa sijui ningetokea mlango gani.

Iowa walishinda 76 kwa 69, Lucy Olsen akafunga 28. Hakuna aliyetoka. Clark akasimama pale katikati, lile bango la namba 22 likaonyeshwa juu, watu wanalia, na bibi hakulia, aliniambia tu kwamba yeye alivaa namba 14, na baada ya mechi ya mwisho shule ilichukua jezi ikafuliwa akapewa mwingine mwaka uliofuata. Akasema ilikuwa na kiraka hapa, akajigusa ubavuni. Mpaka leo anakumbuka kiraka.

Huyo Clark kama baba haamini mpe hizi: amemaliza chuo 2024 na pointi 3,951, hakuna mtu aliyefikisha hapo daraja la kwanza la vyuo, si mwanamke si mwanaume. Na fainali yao ya 2024 na South Carolina, ambayo Iowa walifungwa 87 kwa 75, iliangaliwa Marekani na watu karibu milioni 19 wakati fainali ya wanaume mwaka huohuo haikufika milioni 15. Sasa nani anawakimbiza nani?

Kuhusu bei, usianze na mechi kubwa. Tafuta za Novemba na Desemba, wanapocheza na vyuo vidogo, hapo tiketi za kuuziwa mkononi zinashuka. Beba mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, mkoba mkubwa wa kitambaa utakurudisha kwenye gari. Na ndiyo, watu kama sisi wapo. Ninyi wenyewe ndio mnaijaza Iowa City na Coralville kwa Kiswahili, nilivyokuwa napanda ngazi kutoka nikasikia nyuma yangu mtoto anapiga kelele "mama, mi nataka soda!" nikageuka kama nimeitwa mimi.

SWALI: Dada habari za huko. Mimi nacheza kikapu Mwanza, nimeona kwenye simu wasichana wa vyuo Marekani wana robo nne lakini wanaume wa vyuo wana vipindi viwili. Ni nchi moja au mbili? – *Mdunguaji, Nyamagana*

JIBU: Nchi moja, sheria mbili. Wasichana walikuwa na vipindi viwili vya dakika 20 kama wanaume, msimu wa 2015-16 wakahamia robo nne za dakika 10 kama mnavyocheza ninyi, wanaume wakabaki na yao. Faida yake kwa shabiki ni fauli, kwenye robo hesabu ya fauli za timu inaanza upya, ya tano ndiyo inaleta mitupo huru miwili, kwa hiyo mechi haiwi foleni ya watu kupiga mitupo tu. Sekunde za kushambulia ni 30, fauli tano zako binafsi unatoka, na mpira wao ni mdogo kidogo, mzingo wa inchi 28.5 badala ya 29.5. Ila usidhani dakika 40 ni dakika 40, na mapumziko ya matangazo ya biashara ni kama saa mbili, kula kabla hujaingia.

SWALI: Sasa dada, mbona unasifu Iowa tu na sisi Wakenya tuna mtu wetu? Madina Okot! – *Kaka wa Ruiru*

JIBU: Kaka nimekusikia, punguza hasira. Madina Okot, futi 6 na inchi 6, ametoka chuo cha Zetech hapohapo kwenu Ruiru akaenda chuo cha Mississippi State 2024, na 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, mwenye makombe ya 2017, 2022 na 2024. Hao South Carolina ukumbi wao wa Columbia unachukua watu 18,000, na kwa wingi wa mashabiki wa kikapu cha wasichana wamekaa juu ya nchi nzima miaka kibao. Sijafika. Mwanangu wa dada alifika, akaniambia kazi kubwa ni kupata kiti cha kumwona vizuri, nikamwambia mtu wa futi sita na nusu unakosaje kumwona.

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu anavaa hijabu na anapenda kikapu. Naogopa kumpa moyo halafu afike mahali aambiwe avue au atoke. – *Mama Mvita, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam mama. Hofu yako si ya bure, iliwahi kutokea. Bilqis Abdul-Qaadir alifunga pointi 3,070 sekondari kule Massachusetts, akacheza chuo cha Memphis na hijabu yake, wa kwanza kuivaa daraja la kwanza la vyuo, na alipotaka kwenda kucheza kulipwa nje akakuta shirikisho la dunia FIBA linakataza kufunika kichwa. Ndoto yake ya kucheza kwa kulipwa ikaishia hapo. Lakini yeye na wenzake walipiga kelele mpaka FIBA ikabadilisha sheria mwaka 2017. Kwa hiyo mlango ambao yeye aliukuta na kufuli, binti yako ataukuta wazi. Mpe moyo mama, tena mnunulie ile hijabu ya michezo inayobana vizuri, ya mtandio na pini itamchoma yeye au imchome mwenzake.

SWALI: Dada mi nasoma Omaha, naishabikia Nebraska, nataka kuja Carver wakicheza na Iowa na jezi yangu nyekundu. Nitatoka salama? Mi ni mtoto wa Msimbazi, nyekundu siivui. – *Mnyama*

JIBU: Haha. Mnyama, hapa hakuna kutenganishwa na polisi na uzio, utakaa na tiketi yako katikati ya njano kama pilipili kwenye sahani ya maharage. Watakutania, mwanzo hadi mwisho. Kisha mzee wa pembeni atakuuliza umetoka wapi, na ukisema Tanzania umekwisha, utasimulia Serengeti robo nzima na mechi itakupita. Ila kelele usizidharau. Hawa watu Oktoba 2023 walihamisha mechi ya kirafiki ya wasichana kwenye uwanja wa wazi wa futiboli ya Kimarekani, Kinnick, upepo unavuma, mpinzani DePaul, wakaingia 55,646. Hebu fikiria uwanja wa Mkapa unakaribia kujaa kwa ajili ya mechi ya kikapu ya wasichana, tena haina pointi, haina kombe. Njoo na jezi yako, na wakifunga inuka uwapigie makofi kidogo, haikupunguzii unyama.

Imeingia tukiwa tunafunga ukurasa: Dada, nimemsomea baba jibu lako, nilikutumia ombi juzi ukanitumia mapema, asante. Amenyamaza sana. Usiku ameniuliza huyo wa pointi 111 alikuwa na miaka mingapi. Leo asubuhi anauliza tununue tiketi tatu au nne. – *Mama wa Watatu*

JIBU: Tano, nyumba nzima. Na kila mtu akalie koti lake.