Ndiyo, tunaogesha: jibu kwa wauguzi mnaoniuliza habari za Uingereza

Wadogo zangu mlio vyuoni, nanyi mliomaliza mnasubiri ajira, mmeniuliza swali moja kwa namna nyingi: "Dada, ni kweli huko nesi anaogesha wazee?" Mmoja akaongeza kwamba yeye hakukaa chuo miaka yote ile aje kubadilisha watu wazima nepi. Nawajibu wote kwa pamoja.

Ndiyo, naogesha. Nabadilisha nepi, nalisha, nasafisha meno bandia. Niko wodi ya magonjwa ya ndani katika hospitali ya umma, nina shahada na namba ya usajili ya NMC, ambalo ndilo baraza la wauguzi na wakunga la huku. Shahada hainiondolei beseni.

Tusidanganyane, kazi hiyo nyumbani Tanzania ipo pia, ila tumewaachia ndugu. Mgonjwa akilazwa, mama mdogo anakuja na khanga na chupa ya uji, binamu anatumwa duka la dawa, dada analala sakafuni karibu na kitanda. Nesi anapita na toroli, na akikuta mgonjwa hajaoga anamgombeza ndugu. Siwalaumu wenzangu, maana wodi ikijaa na usiku mko wawili, huwezi kumgeuza kila mtu. Lakini tukazoea kuona kwamba uuguzi ni sindano na dripu, na mengine ni ya familia. Huku ndugu anakuja saa ya kuona wagonjwa, anaacha maua au zabibu, anaondoka. Wapo ambao haji mtu yeyote mpaka wanaruhusiwa.

Tena kuogesha ndiko kunakonionyesha mgonjwa. Hapo ndipo naona kisigino kimeanza kuwa chekundu, mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, bibi anahema nikimgeuza tu, au babu aliyekuwa anapiga soga jana leo hajui yuko wapi. Tunao wasaidizi wa wauguzi, na kwa kweli wao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hii, ila wa kujibu ni mimi. Mgonjwa wangu akipata kidonda cha kulala, lazima nijaze ripoti na nieleze alikuwa anageuzwa kila baada ya muda gani.

Jambo ambalo hamjaniuliza, na mimi ningeanza nalo, ni mdomo. Huku nesi asiyesema ni hatari. Tunatumia kipimo cha kuonyesha kama mgonjwa anazidiwa, kinaitwa NEWS2: unapima upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, joto na ufahamu, kila kimoja kina alama zake. Jumla ikifika 5, daktari anatakiwa haraka. Ikifika 7 ni dharura. Usiku mmoja mgonjwa wangu alifika 7, daktari kijana akasema kwa simu nimwangalie kidogo kwanza. Nikamwambia nimeshamwangalia, naita timu ya dharura. Nikaita. Kesho yake hakuna aliyeniuliza mimi ni nani nimruke daktari. Kama mmefundishwa kunyamaza daktari bingwa akipita raundi, anzeni kujizoeza kusema sasa hivi, hata kwa kuuliza tu kwa nini dozi imebadilishwa.

Upande wa pili wa mdomo ni kuomba ruhusa. Unajitambulisha, unauliza jina na tarehe ya kuzaliwa, unauliza kama kuna dawa inayomdhuru, ndipo unamgusa. Mwenye akili timamu akikataa dawa, amekataa. Unamweleza madhara, unaandika, unampa taarifa daktari. Kumkaripia hakupo. Katika OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kusajiliwa, vituo ni 10, na kuna watu wenye mikono myepesi sana kwenye sindano wanaofeli kwa sababu hawakumuuliza mgonjwa jina.

Sasa pesa, maana najua ndiko mnakosubiri. Ngazi ya kuanzia ya muuguzi aliyesajiliwa, Band 5, mwaka 2025/26 England ilikuwa pauni 31,049 kwa mwaka mzima. Ikishakatwa kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi inabaki kama pauni 2,000 kwa mwezi. Msizigeuze kuwa shilingi halafu mkashangilia. Chumba tu, jiko mnachangia, kinaweza kula 600, bado usafiri na chakula, bado na nyie mnaonitumia meseji za ada. Zamu ni zaidi ya saa 12, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa mbili usiku. Yupo pia mgonjwa atakayekutazama na kusema hataki kuguswa na mtu mweusi. Msimamizi wangu alikuja akamwambia wazi kwamba nesi wake ni huyu. Si kila wodi ina msimamizi wa namna hiyo.

Na milango imebana. Wauguzi wapya kutoka nje walipungua sana 2025. Tanzania iko kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuzifuata kutafuta watumishi wa afya, kwa kuwa sisi wenyewe tuna upungufu. Wewe binafsi unaweza kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri, hilo halikatazwi. Ila anayekuita semina hotelini Dar na kudai milioni kadhaa akutafutie nafasi, mkimbie, kwani kanuni za huku haziruhusu mwombaji kutozwa hela ya kutafutiwa kazi.

Anzeni na Kiingereza. Kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, wanataka 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Wakati mnasubiri, jitoleeni wodini, na mkifika ombeni kupangwa na mgonjwa asiyekuwa na ndugu. Maswali ya OSCE nitayajibu wiki ijayo, nikitoka zamu za usiku.