Kabla Hujamuuliza Mbulgaria Asili Yake

Mwezi wa pili tangu nifike Plovdiv, mji wa Bulgaria, nilialikwa chakula cha Jumapili na mama mwenye nyumba niliyopanga. Mezani tulikuwa watu saba. Nilikuwa nimesoma kurasa chache za historia, nikajiona niko tayari, nikauliza kwa Kibulgaria changu cha kuungaunga: "Kwani nyinyi ni Waslavi au Waturuki?" Mkwe wake akaweka kijiko chini. Hakuna aliyenigombeza. Yule mama alinitazama kidogo, akasema, "Nie sme bulgari," yaani sisi ni Wabulgaria, kisha akaniongezea supu.

Niliishi kule miaka saba nikisomea kilimo, na tangu nirudi Morogoro vijana wanaokwenda kusoma huko hunipigia kuuliza habari za viza, baridi na ada. Hayo mtaelezwa na wengi, wadogo zangu. Mimi nataka kuwapa kitu ambacho sikuelezwa na mtu yeyote: namna ya kufikiri kuhusu asili ya watu mnaokwenda kuishi nao. Swali langu la siku ile halikuwa baya kwa sababu ya ukali wake tu. Lilikuwa limejengwa vibaya. Lilidhani kwamba taifa lina mlango mmoja wa kuingilia, na kwamba jina, lugha na damu vyote vilipita mlango huo siku moja. Kwa Wabulgaria, vitu hivyo vitatu vilikuja kwa njia tatu.

Anzeni na jina. Katika karne ya 7, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, palikuwa na dola ya watu waliofuga farasi na kupigana wakiwa juu ya farasi, chini ya mtawala aitwaye Kubrat. Hao niwaite Wabulgari, ili msiwachanganye na Wabulgaria wa leo. Kubrat alipofariki, majirani zao Wakhazari waliisambaratisha dola ile, na watu wake wakagawanyika. Kundi moja lilikwenda kaskazini hadi mto Volga, na mwaka 922 watawala wake walikuwa wameshaupokea Uislamu. Kundi jingine, likiongozwa na Asparuh, lilishuka hadi mdomo wa mto Danube, likalishinda jeshi la Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki yenye makao Konstantinopoli, mwaka 680, na mwaka uliofuata mfalme wa Konstantinopoli akalazimika kufunga nao mkataba. Ndiyo maana kila mahali mtauona mwaka 681: Wabulgaria huuhesabu kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa dola yao.

Wanaisimu wengi wanakubali kwamba Wabulgari wale walizungumza lugha ya jamii ya Kituruki, na kwamba lugha hai iliyo karibu nayo zaidi ni Kichuvash cha kule Volga. Hapa ndipo nilipojikwaa. Kuwa wa jamii ya lugha za Kituruki si kuwa Mturuki wa Uturuki. Waosmani, Waturuki wa dola iliyotokea Uturuki ya leo, waliiteka Balkani, yaani kusini-mashariki mwa Ulaya, katika karne ya 14, miaka mia saba hivi baada ya Asparuh, na waliitawala Bulgaria hadi 1878. Ukimwambia Mbulgaria kwamba asili yake ni ya Kituruki, yeye hasikii habari za Asparuh. Anasikia habari za miaka mia tano ya kutawaliwa, na za vijiji vilivyochomwa kwenye maasi ya Aprili 1876. Jifunzeni kutenganisha mambo hayo mawili vichwani mwenu kabla hamjayatenganisha kwa midomo.

Sasa lugha. Asparuh hakukuta nchi tupu. Waslavi, watu wa jamii moja ya lugha na Warusi, walikuwa wameshajaa Balkani tangu karne ya 6, wakilima, wakikaa kwa makabila yao. Wabulgari walitawala kutoka Pliska, mji wao mkuu, Waslavi walikuwa wengi mashambani, na kwa muda wa karibu miaka mia mbili watu hao waliishi chini ya dola moja bila kuwa kitu kimoja. Jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma kwa makini ni kwamba watawala hao wa mwanzo waliandika mawe yao kwa Kigiriki. Liko jiwe la mtawala Omurtag la mwaka 822 ambalo maneno yake ni ya Kigiriki, lakini tarehe imetajwa kwa njia mbili: kwa hesabu ya Wagiriki, na kwa hesabu ya Wabulgari yenye miaka ya wanyama, "sigor elem", mwaka wa ng'ombe. Jiwe moja, lugha ya jirani, kalenda ya nyumbani.

Kilichowaunganisha ni uamuzi wa mtu mmoja, mtawala Boris wa Kwanza, aliyebatizwa mwaka 864. Hapa msipite haraka. Dini ya zamani ilikuwa ndiyo heshima ya koo za Wabulgari, na wakuu wao waliasi. Boris aliuzima uasi kwa kuwaua wakuu 52 pamoja na familia zao. Ni jambo la kutisha, na mwalimu wangu wa historia hakulipamba alipotusimulia. Mwaka 866 Boris alimtumia Papa Nikolasi wa Kwanza maswali mengi, na majibu ya Papa, 106 kwa jumla, yamehifadhiwa hadi leo. Yasomeni mkiyapata. Ndani yake utamsikia mtu anayewabadilisha watu wake huku akiwa na wasiwasi juu ya kila kitu: je, suruali tunazovaa ni dhambi? Mkia wa farasi tunaoubeba vitani kama bendera, tuweke nini mahali pake? Papa alimjibu kwamba suruali haina neno, na badala ya mkia wabebe msalaba. Kwangu mimi, karatasi zile zinaonyesha kuzaliwa kwa Wabulgaria kuliko mapigano ya 680, maana zinamwonyesha mtu akipima cha kuacha na cha kubaki nacho.

Mwaka 886 wanafunzi wa Cyril na Methodius, ndugu waliowatungia Waslavi herufi za kwanza, walipokewa na Boris baada ya kufukuzwa Moravia, nchi ya Waslavi ya Ulaya ya Kati. Mmoja wao, Kliment, alipelekwa kufundisha Ohrid, mji ambao leo uko Makedonia Kaskazini, na mwaka 893 lugha ya Kislavi ikachukua nafasi ya Kigiriki kanisani na serikalini. Maandishi ya Kisirili, ambayo wengi wetu huyaita "herufi za Kirusi", yalikua Bulgaria, hasa Preslav, chini ya Simeon, mwana wa Boris. Msije mkayaita herufi za Kirusi mbele ya Mbulgaria. Tarehe 24 Mei mtaona shule nzima ikiandamana na maua kwa ajili ya herufi, na mtaelewa kwa nini.

Basi jina lilibaki la Wabulgari, lugha ikawa ya Waslavi. Hata hivyo si Kislavi kama cha Warusi. Nilipokuwa mwaka wa kujifunza lugha kabla ya masomo, rafiki yangu aliyekuwa amesoma Kirusi alidhani atatupita wote, kisha akakwama. Kibulgaria kimeacha karibu viishio vyote vya majina vinavyoonyesha kazi ya neno katika sentensi, ambavyo Kirusi kimevitunza, na kimeongeza kitu ambacho Kirusi hakina: kiambishi mwishoni mwa jina kinachoonyesha kwamba kitu kinajulikana. Kitabu ni "kniga". Kitabu kile tunachokijua ni "knigata". Kialbania na Kiromania navyo hufanya hivyo, ingawa si lugha za Kislavi. Majirani walioishi pamoja karne nyingi wameambukizana sarufi.

Mlango wa tatu ni wa watu waliokuwepo kabla ya wote, Wathraki. Makaburi yao yenye michoro yapo Kazanlak, dhahabu yao ilifukuliwa Panagyurishte mwaka 1949, na majina ya mito kama Struma na Iskar ni ya kale kuliko Waslavi. Lakini hapa nawaonya. Kila mwongoza watalii atakuambia ngoma hii ni ya Wathraki, kinyago kile ni cha Wathraki, kukanyaga moto kule Strandzha ni kwa Wathraki. Huenda, huenda sivyo. Wathraki hawakutuachia vitabu. Pete ya dhahabu iliyopatikana Ezerovo mwaka 1912 ina herufi 61 za Kigiriki zenye lugha yao, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana inasema nini. Mtu akikuambia kwa uhakika Mthraki aliamini nini, muulize amejuaje.

Na damu? Utafiti wa vinasaba wa upande wa baba uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wanaume wa Kibulgaria zaidi ya 800, na ukakuta aina zinazohusishwa na Asia ya Kati na milima ya Altai ni kama asilimia 1.5 tu. Wapo wanaolishika jambo hili kama rungu la kumalizia ubishi. Msilitumie hivyo. Kipimo cha damu hakisemi mtu aliota ndoto kwa lugha gani, wala kwa nini watu wengi walichukua jina la wachache. Sisi tuliokulia pwani tumeshachoshwa na watu wanaouliza Mswahili ni Mwarabu au Mbantu, kana kwamba jibu litabadilisha lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Nikirudi kwenye lugha, kuna zawadi inayowasubiri ninyi mnaozungumza Kiswahili. Wiki yangu ya kwanza mama mwenye nyumba aliniomba "kibrit". Nilimpa kiberiti bila kufikiri, kisha tukabaki tunatazamana. Neno lile lilitoka Kiarabu, likapita kwa Waturuki hadi kwake, na kwa njia ya bahari hadi kwangu. Baada ya hapo tulifanya mchezo wa kuyatafuta: duka ni "dyukyan", habari ni "haber", sanduku ni "sandak", hazina ni "hazna", askari wa Kiosmani ni "asker". Wabulgaria wengi huona maneno hayo ni ya mtaani au ya zamani, na waandishi wa karne ya 19 walijitahidi kuyang'oa. Hayakung'oka yote. Ila jihadharini na "baba": kwao ni bibi. Nilipomwambia yule mama kwamba baba yangu ni mwalimu, alifurahi sana kusikia bibi yangu amesoma.

Sasa mambo ambayo yanauma, nayo lazima myajue kabla hamjafungua mdomo. Chini ya Waosmani watu walihesabiwa kwa dini. Mkristo Mwothodoksi, yaani wa kanisa la mashariki, aliwekwa chini ya Patriarki wa Konstantinopoli, mkuu wa kanisa hilo aliyekuwa Mgiriki, hivyo Mbulgaria aliyetaka elimu mara nyingi alisoma Kigiriki na kujiita Mgiriki. Mwaka 1762 mtawa Paisius kule mlima Athos alimaliza kuandika historia iliyowakemea wale walioona haya kujiita Wabulgaria. Kanisa lao wenyewe walilipata 1870, yaani kabla ya kupata nchi. Ndiyo maana hadi leo kwa wengi kuwa Mbulgaria na kuwa Mwothodoksi ni kama vidole viwili vya mkono mmoja.

Lakini nendeni milima ya Rhodope mtawakuta Wapomaki, Waislamu ambao Kibulgaria ndiyo lugha yao ya mama. Nendeni Kardzhali mtawakuta Waturuki waliozaliwa hapo, baba kwa babu. Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985 serikali ya kikomunisti iliwalazimisha Waturuki wote kubadili majina yao kuwa ya Kibulgaria, kwa hoja kwamba mababu zao walikuwa Wabulgaria waliosilimishwa. Mwaka 1989 zaidi ya watu 300,000 walikimbilia Uturuki. Bunge lilikuja kulaani kampeni hiyo mwaka 2012. Nadharia ya asili iliyosomwa chuoni ilitoka nje ikawa fomu ya kujaza ofisini, na mzee akatoka pale na jina asilolijua. Nilisoma darasa moja na kijana aliyekuwa na majina mawili kwenye vyeti vyake, la kuzaliwa na la serikali. Aliniomba nitumie la kuzaliwa. Katika sensa ya 2021, kati ya waliojibu swali la kabila, asilimia 84.6 walijitaja Wabulgaria, 8.4 Waturuki na 4.4 Waroma, wale ambao wengine huwaita Wajipsi. Kila mmoja alijitaja mwenyewe, na hivyo ndivyo mnavyopaswa kuwaita.

Habari za Makedonia Kaskazini ziacheni hadi muwe na marafiki wa kweli. Bulgaria iliitambua nchi ile mwaka 1992 mapema kuliko wengine, lakini mwaka 2020 ikazuia mazungumzo yake ya kujiunga na Umoja wa Ulaya kwa sababu ya ubishi juu ya lugha na historia. Kliment wa Ohrid, Tsar Samuil, yaani mfalme wa zamani, kila upande unasema ni wake. Mgeni hana faida yoyote kuingia hapo.

Mkipata siku mbili, nendeni Shumen, na kutoka hapo mfike Madara. Mita 23 juu ya ardhi, kwenye jabali, kachongwa mpanda farasi, simba akiwa chini ya kwato, mbwa nyuma, na pembeni maandishi ya Kigiriki yaliyoliwa na mvua ya miaka 1,300. 

Na swali la kuuliza mezani? Niligundua mwaka wa tatu, kwa bahati. Nilimuuliza yule mama, "Wazee wako walitoka kijiji gani?" Hakuniongezea supu. Alinyanyuka, akanishika mkono, akanipeleka chumba cha nyuma. Wazazi wa mama yake walikuwa Wabulgaria wa Thrakia ya Mashariki, upande ambao leo ni Uturuki, waliofukuzwa mwaka 1913. Mama yake alikuwa na miaka minne, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Chini ya dirisha lilikuwepo sanduku la mbao walilokuja nalo, bawaba moja imekatika, ndani yake mashuka. Akaligonga kwa kidole mara mbili, akanitazama kuona kama nakumbuka neno.

"Sandak," nikasema.

Akakaa juu yake, akaanza kunisimulia.